Kazi Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, ya kutosha kulaza vumbi na kuharibu viatu vyangu vya kitambaa.

Ninaandika katika daftari la miraba ambalo marehemu mume wangu alilinunua na hakuwahi kulifungua. Mama mkwe ndiye aliyeniambia. Amechoka kunikuta nikizungumza na sufuria. "Andika," alisema. "Sufuria haijibu, na mimi sisikii." Anasikia vizuri sana akitaka.

Basi niandike. Mimi ni mfungaji wa mizigo katika bohari ya dawa, mwaka wa ishirini na mbili huu. Vituo vya afya kumi na tisa vinatuma oda zao kwa kompyuta, sisi tunafunga maboksi, lori linapeleka. Mume wangu alikuwa fundi wa kompyuta ghorofani, juu kabisa ya vichwa vyetu. Walimwita Saa. Chai ya saa nne aliinywa saa nne, siyo saa nne na dakika mbili. Alifariki miezi minane iliyopita, Jumapili mchana, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa anakaza bawaba ya kabati la vyombo. Bawaba bado imelegea. Sijataka mtu aiguse.

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja na dakika thelathini na tano alfajiri, simu yangu inalia. Ujumbe ni ule ule: "Kumekucha. Usisahau mwavuli." Aliuweka yeye kwenye mashine ya ofisini miaka sita kabla hajafariki, uwe unajituma wenyewe. Yeye ameondoka, ujumbe bado unakuja. Sijamwambia mtu kazini. Mashine ni ya ofisi, na sitaki isemwe kwamba Saa alitumia mali ya ofisi kumbembeleza mkewe.

Leo nilisahau mwavuli.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Ujumbe. Mwavuli.

Alhamisi, 5 Machi

Amekuja fundi mpya wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini hivi, miwani yake minene kama vitako vya glasi. Kabla ya saa sita alishapewa jina: Miwani. Dereva wetu ndiye anayegawa majina hapa, kisasi chake, maana yeye tunamwita Breki. Anafunga breki hata akiona kivuli cha kuku.

Mchana nilipanda ghorofani kupeleka fomu. Kiti cha Saa kilikuwa nje, kwenye ujia, kimegeuzwa kikatazama ukuta kama mwanafunzi aliyekosa. Miwani amekalia kiti kingine chenye magurudumu.

"Karibu, mama," aliniambia.

"Nimeshakaribia," nikamjibu, nikaweka fomu, nikashuka. Sikuwa na adabu. Naandika ili niione.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua kubwa. Paa la bohari linavuja sehemu tatu, na ndoo tunazo mbili.

Chai ya saa nne Miwani alishuka kutueleza kinachokuja. Ile mashine moja ya zamani aliyoitunza Saa inastaafu. Badala yake zimekuja seva tatu, na hizo tatu zitafanya kazi kama kundi moja: moja ikizimika, mbili zinaendelea, oda zisikwame. Kazi zote zinazojirudia zenyewe, kama kukusanya oda saa kumi na moja na nusu na kuchapisha fomu saa kumi na mbili, lazima zihamishwe moja baada ya nyingine. Kila moja aiamulie: ifanywe na seva zote, au na moja tu?

"Si ziifanye zote," akasema Breki. "Ndiyo umoja huo."

"Zikikusanya oda zote tatu, shemeji," nikamwambia, "utabeba oda moja mara tatu." Breki ananiita shemeji kwa sababu Saa alikuwa rafiki yake, nami namrudishia.

Miwani akanigeukia. "Mama amejuaje?"

Nikamwonyesha msumari. Katika bohari yetu orodha ya kufunga hutundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Wafungaji tuko watatu. Tungesoma orodha pale pale ukutani na kuiacha, kila mmoja angefunga boksi lile lile. Kwa hiyo anayeanza kazi anaing'oa karatasi na kwenda nayo mezani kwake. Ukiona msumari mtupu, ujue mwenzio ameshika.

Miwani akausogelea ule msumari akauangalia kana kwamba una dhahabu. "Ndicho hicho hicho," akasema. "Seva ya kwanza kuamka inang'oa karatasi. Nyingine zikikuta msumari mtupu, zinakaa."

Sheria yetu ina nusu ya pili, lakini sikuisema. Chai ilikuwa imekwisha, na yule mwanamke alikuwa anatabasamu, na mimi nilikuwa bado nakiona kile kiti.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimekumbuka asubuhi zetu. Alikuwa hakai kunywa chai mpaka aniulize.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Haya." Ndipo anavuta kiti.

Kila siku, miaka sita. Nilidhani anataka kushukuriwa, wanaume wana hilo. Siku moja ujumbe haukuja, nikamtania, "Leo umenisahau." Akaacha kikombe, akatoka mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine una ndala. Nilicheka wiki nzima. Nikawa nawahadithia mashoga zangu wa mtaani: mume wangu akikosa kunisalimia anakimbia kwenda kuigombeza mashine.

Alhamisi, 12 Machi

Orodha ya kazi zote zinazojirudia imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ni hamsini na tatu. Kando ya kila moja kuna nafasi ya mwenyewe, yaani mtu anayejua ni ya nini na anayeihitaji. Kazi isiyo na mwenyewe itafutwa tarehe 30 Aprili, siku mashine ya zamani itakapozimwa.

Namba arobaini na moja imeandikwa MWAVULI. Mwenyewe: hajulikani.

"Hii ni ya idara gani?" Meneja aliuliza. Anapenda kila kitu kiwe na idara. "Ya hali ya hewa? Nani kaomba hali ya hewa?"

Nilikuwa nafunga boksi la bandeji, nikalifunga kwa utepe mara nne.

Kesho nitasema.

Ijumaa, 13 Machi

Sikusema.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Ujumbe. Mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Mama mkwe ameufunga kwa uzi wa kushonea, unasimama kama bata aliyeumia bawa.

Kesho nitasema.

Jumatatu, 23 Machi

Sikusema. Kazi kumi na mbili zimepata wenyewe. Karani wa mapokezi amejiandika mwenyewe wa nne, mbili kati yake hata hajui ni nini. Anasema zilimtia huruma. Ya arobaini na moja haijamtia huruma.

Jumapili, 29 Machi

Nimefagia kaburi. Maua yamelewa maji. Nikamweleza habari za msumari, angezipenda. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chini ya mwavuli wenye uzi akaniambia niseme kwa sauti, naye anataka kusikia.

Jumatano, 1 Aprili

Paa sasa linavuja sehemu tano.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo kuna ya kuandika.

Alfajiri simu ililia. Kabla sijaishika ikalia tena. Halafu tena. "Kumekucha. Usisahau mwavuli," mara tatu, moja chini ya nyingine. Nilibaki nimeishika kama yai.

Mama mkwe akaita kutoka chumbani kwake: "Leo kazidisha! Mwambie tumesikia!"

Nilicheka mpaka nikalia, sijui kipi kilianza.

Kumbe leo ilikuwa siku ya kwanza ya majaribio, kazi zote kwenye seva tatu mpya. Alhamisi ni siku ya vituo vitano vya ng'ambo ya mto. Tulikuta fomu kumi na tano kwenye printa, kila moja na namba yake, tukasema masikini, wanaweka akiba kwa ajili ya mvua. Tukatundika, tukang'oa, tukafunga, tukapakia. Lori likaondoka limelala upande. Ndipo nilipoweka nakala pamoja nikaona glavu zile zile, dripu zile zile, mara tatu kwa kila kituo.

Breki alirudi jioni amefura. "Muuguzi wa ng'ambo anauliza kama watu wa huko wameota mikono sita. Glavu zimejaa mpaka chumba cha kujifungulia!" Vitu vya kawaida wamebaki navyo. Dawa ya sukari imebidi arudi nayo yote kwenye boksi la barafu, maana ilipofika friji yao ya pamoja ilikuwa imezima. Fundi ameshaitengeneza, na tumekubaliana waagize upya Alhamisi ya tarehe 23, ya kwao ya sasa ikikaribia kwisha.

Nilimkuta Miwani kwenye ngazi, miwani mkononi. Bila miwani ana uso wa mtoto aliyeamshwa.

"Nilisahau kuandika 'moja tu', mama," akasema. "Nilihamisha zote, nikaacha kila seva ijifanyie. Meneja anasema Saa hakuwahi kukosea hivi."

Saa? Nikakaa naye kwenye ngazi. Nikamweleza jinsi mwaka wake wa pili Saa alivyotuma oda ya vitanda vya wagonjwa badala ya mashuka. Vitanda kumi na vinne vilishushwa hapa mlangoni, na Meneja akawa anatia sahihi huku amekalia kimojawapo. Miwani akacheka kwa pua.

"Na kile kiti," nikasema, maana kilikuwa kinanikaba. "Kimekukosea nini?"

"Kiti cha marehemu? Pale kilipokuwa panavuja, mama. Maji yanadondoka juu ya kikalio chake. Ni cha mbao, kingeoza. Nikakigeuza kitazame ukuta watu wasikikalie."

Nimeinywa chai yangu ya jioni nikiwa nimeona haya.

Ijumaa, 10 Aprili

Ujumbe umekuja mara moja. Miwani amepitia kazi zote. Nyingi ameziandikia moja tu, kwa mtindo wa msumari. Chache zimebaki za seva zote, kama kufuta mafaili machafu, kwa sababu kila seva lazima ifagie chumba chake. Amekuja mwenyewe kunieleza, kama mtu anayeonyesha nguo mpya.

Alikuwa amesimama hapo hapo. Ningeweza kumwambia habari za arobaini na moja.

Kesho nitasema. Kesho ni Jumamosi. Basi Jumatatu.

Jumatatu, 13 Aprili

Sikusema. Tumepata ndoo ya tatu, na paa limefungua tundu la sita.

Jumatano, 22 Aprili

Mto umepanda. Redio imesema barabara ya ng'ambo itafungwa kesho saa nne asubuhi, na haitafunguliwa kabla ya wiki mbili. Breki amekagua matairi mara tatu na kunifokea bure, kisha akaniomba radhi kwa ndizi.

Siku nane zimebaki. Nimeandika barua ndogo kwa Miwani: "Namba 41 ni yangu." Nimeiweka mfukoni. Mfuko umelowa.

Alhamisi, 23 Aprili

Naandika jioni, mikono ikiwa bado inanuka plastiki ya maboksi.

Alfajiri niliamka kabla ya simu, kama kawaida. Dakika thelathini na tano ikapita. Arobaini ikapita. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka nikadhani sijasikia mlio, nikaishika simu mkononi. Hakuna kitu. Nikasema basi, wameifuta. Wamenitangulia. Siku saba kabla, na mimi na barua yangu iliyolowa. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wake, nikamlaumu Miwani, nikajilaumu mwenyewe, nikailaumu hata bawaba.

Mama mkwe akaja na taa. "Mbona simu haijalia?"

"Wewe si husikii, Mama?"

"Hiyo huisikia kila siku, ndipo najua niwashe jiko." Akakaa kando yangu. "Siku ile nyingine ilipokosa kulia mwanangu alitoka na ndala moja. Nilimwita, hata hakugeuka. Jioni akaniambia, Mama, leo oda hazikuingia, bila mke wangu watu wangekosa dawa. Nikamwambia mkeo ana uhusiano gani na oda? Akacheka tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye mkewe."

Umepata? Nimepata. Haya. Miaka sita, kila asubuhi, kabla hajavuta kiti.

Sikuaga. Nilitoka nilivyokuwa, gauni la kulalia chini, koti juu. Mvua ilinichapa njia nzima. Nilipofika langoni mlinzi aliniangalia miguu: ndala moja ya kijani, yangu, na moja nyekundu ya Mama mkwe.

Ilikuwa imeshapita saa kumi na mbili. Bohari ilikuwa na furaha. Wenzangu wawili wameketi juu ya maboksi, Breki anafungua soda.

"Shemeji! Leo ng'ambo hawana haja na sisi." Akanionyesha fomu tano kutoka kwenye printa. Zote zimeandikwa: Hakuna oda.

"Haiwezekani," nikasema.

"Kwa nini haiwezekani?" Meneja alikuwa mlangoni na mwavuli wake mkubwa. "Walipata mara tatu wiki mbili zilizopita. Wana akiba mpaka Krismasi. Na barabara inafungwa. Bora lori lipumzike."

"Walibaki na glavu, Bwana Meneja. Dawa ya sukari ilirudi yote. Wameambiwa waagize leo."

"Basi hawakuagiza. Mashine imesema hakuna."

Miwani alikuwa ameshuka kwa sababu ya kelele. "Na juu vitaa vyote ni vya kijani, mama," akasema kwa upole. "Seva zote tatu ziko hai."

Wote wakanitazama, nikiwa nimelowa chapachapa, ndala za rangi mbili. Nikajua kwamba nikinyamaza, lori halitatoka. Na nikisema, nasema mbele ya Meneja, mbele ya wote, habari za Saa wangu na mashine ya ofisi.

"Oda hazijakusanywa," nikasema. "Najua kwa sababu ujumbe wangu haujaja. Kazi namba arobaini na moja ni yangu. Saa aliiweka. Kila siku oda zikishaingia, inanitumia ujumbe."

"Ujumbe gani?" akauliza Meneja.

Nikawasomea wa jana. Kumekucha. Usisahau mwavuli.

Maji yalidondoka ndooni, moja, moja. Breki akaiweka soda chini polepole.

"Mama," akasema Meneja, "yaani mashine ya ofisi inakutumia salamu za mapenzi?"

"Ngoja kwanza," akasema Miwani, akapanda ngazi mbili mbili. Nikamfuata, Meneja nyuma yangu, Breki nyuma yake. Mbele ya kioo cha kompyuta yake Miwani aliifungua namba arobaini na moja. Sikuelewa maandishi, lakini alitusomea kwa kidole: mstari wa kwanza, subiri kazi ya kukusanya oda imalizike salama. Mstari wa pili, tuma ujumbe. Basi. Mistari miwili.

"Hii siyo salamu, Bwana Meneja," akasema. "Huu ni ulinzi."

Akaitazama kazi ya kukusanya oda. Seva ya pili iliing'oa karatasi saa kumi na moja na nusu kamili, halafu ikaganda nayo mkononi. Ya kwanza na ya tatu zilikuta msumari mtupu zikakaa, kama zilivyofundishwa. Saa kumi na mbili kazi ya kuchapisha ikaamka, ikakuta sanduku la oda tupu, ikaandika Hakuna oda. Na kitaa cha kijani maana yake ni kwamba seva inapumua tu.

"Imeshika karatasi na haifanyi kazi," akasema Miwani. "Nyingine zitasubiri mpaka kiyama."

Hapo nikaikumbuka nusu ya pili.

"Kwetu haisubiriwi mpaka kiyama," nikasema. "Ukichukua orodha na robo saa ikapita hujagusa boksi hata moja, mwenzio ana ruhusa kuichukua mezani kwako na kuirudisha msumarini. Sikukuambia siku ile. Nilikuwa nimekasirikia kiti. Nisamehe, mwanangu."

Sikujua kama ningemwita mwanangu. Lilitoka lenyewe.

Akafuta miwani, akainamia kibodi. Aliinyang'anya seva ya pili ile karatasi, akaitundika upya. Tukahesabu pumzi. Seva ya tatu ikang'oa. Miwani akaamuru kuchapisha upya, na chini tukasikia printa inaanza kukohoa.

Vituo vitano, oda tano. Kituo cha mwisho kabisa ng'ambo kilikuwa kimebakiza dawa ya sukari ya siku mbili, kwa wagonjwa kumi na mmoja.

Tulifunga kama watu wanaohama kwa moto. Meneja alivua koti akabeba maboksi, akaweka la dripu kwenye rafu ya bandeji, tukamwomba asimame mlangoni atushikie mwavuli tu. Saa moja na dakika arobaini Breki aliwasha lori.

"Utawahi?" nikamuuliza.

"Shemeji, leo hata kuku nitampigia honi."

Nikiwa nimesimama pale uani, mvua ikinimwagikia, simu ilitetemeka mfukoni kando ya ile barua. Seva ilikuwa imefikia namba arobaini na moja. Mtandao tu ndio ulikuwa umechelewa kwa mvua.

"Kumekucha. Usisahau mwavuli."

Nikamwambia Saa, sasa ndiyo unasema?

Breki alipiga simu saa nne kasoro dakika nane. Amevuka, na kizuizi kinashushwa nyuma yake. Atalala huko mpaka maji yapungue. Muuguzi kampa kitanda, na glavu za kuoshea vyombo.

Ijumaa, 24 Aprili

Nilimuuliza Miwani lililonikosesha usingizi. Kwa nini Saa hakujitumia mwenyewe ule ujumbe? Kwa nini mimi?

Akanionyesha simu yake. Ujumbe wa mashine mia mbili na kumi, haujafunguliwa hata mmoja. "Mafundi tunatumiwa kila siku, mama. Tunazoea, tunaacha kusoma. Marehemu alikuwa mjanja. Alitafuta mtu mmoja ambaye ujumbe usipomfikia lazima ataona."

Kwa hiyo nilikuwa mlinzi miaka sita na sikujua. Nilidhani ni mapenzi. Nimeligeuza geuza jambo hili mchana kutwa nikifunga maboksi, na naona sina haja ya kuchagua.

Jumatatu, 27 Aprili

Kanuni ya robo saa imewekwa kwenye kila kazi ya moja tu. Miwani ameibandika karatasi juu ya meza yake: NUSU YA PILI YA MSUMARI.

Kwenye ubao wa matangazo, mbele ya namba arobaini na moja, Meneja ameandika kwa mkono wake: "Mwenyewe: Mke wa Saa. Idara: Ulinzi." Karani wa mapokezi amekasirika. Anasema kama angejua ina cheo angejiandika.

Alhamisi, 30 Aprili

Mashine ya zamani imezimwa leo. Waliniita nibonyeze mimi. Ilivuma kidogo, ikapunguza, ikanyamaza, bila fujo, kama mtu anayelala mchana. Miwani alikuwa ameziba tundu la paa kwa lami, na kiti cha Saa kimerudi mahali pake. Akanikaribisha nikikalie. Kinalia upande wa kushoto, vilevile.

Jumatano, 6 Mei

Manyunyu tu. Breki amerudi, amenenepa.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua imekatika. Wiki nzima hakuna wingu. Miwani amenipigia kutoka ghorofani: "Mama, wewe ndiye mwenyewe. Nikubadilishie maneno? Jua lote hili, mwavuli wa nini?"

Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri sana.

Jioni niliikaza bawaba ya kabati. Ilihitaji skrubu moja tu.

Jumanne, 12 Mei

Simu imelia saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Nilipotoka chumbani Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya jiko na birika mkononi, hajamimina.

"Umepata?"

"Nimepata, Mama."

"Haya," akasema, akavuta kiti.

Nimekwenda kazini na mwavuli wenye uzi, nimeufungua kabisa, chini ya jua kali. Breki alinipita akapiga honi njia nzima.